Sauti ya Mdogo Wangu Ithel

Bryn Hesg, Nant Eithin
11 Februari 1974

Mdogo wangu Ithel,

Nakusalimu kwa mikono yenye unga, kwa hiyo ukiona weupe pembeni mwa karatasi usidhani ni theluji, ingawa theluji nayo ipo, imefika hadi dirisha la jikoni. Sijambo. Goti linanung'unika, lakini goti hili limekuwa likinung'unika tangu vita viishe. Kuku wote wapo. Binamu yetu Meurig aliteleza mbele ya duka lake mwenyewe wakati wanawake wanatoka kanisani, na tangu siku hiyo anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mchungaji mpya ni kijana na anahubiri mbiombio, utadhani ana treni ya kuwahi.

Sasa sikiliza. Alhamisi walikuonyesha kwenye televisheni. Nilikwenda kutazama kwa Meurig, maana yangu inaonyesha mvua hata jua likiwaka. Nyumba ilijaa. Ulikaa kwenye kochi jekundu, mtangazaji anakuita Sir Ithel kila akifungua mdomo, na mke wa Meurig akanigusa kwa kiwiko: "Nesta, na wewe humwita Sir?" Nikamwambia, "Huyo nimempangusa kamasi mimi. Nitamwitaje Sir?" Wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka sana, maana nilikuwa nasikiliza. Sauti yako, Ithel. Sauti inayowafanya Waingereza wasahau kukohoa ilikuwa na mchanga ndani. Mara mbili ulikohoa ukajifanya unacheka. Wengine hawakuona. Lakini mimi ndiye niliyekufundisha kutamka maneno kabla hujajua kufunga viatu.

Umekwenda kwa daktari? Jibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Dada yako,
Nesta


London
20 Machi 1974

Dada Nesta,

Usininunie kwa kuchelewa. Salamu zako zilifika na unga wake, nikaunusa, nikakaa nao mezani asubuhi nzima bila kufanya kazi yoyote. Huku miti imeanza kuchanua. Felicity anakusalimu, tuliachana mbele ya hakimu lakini bado ananiletea supu kila Jumapili na kunikemea kuhusu vumbi. Nadhani ananipenda zaidi sasa kwa kuwa anaweza kwenda kwake.

Siku hizi naota sana. Naota ukungu wa kwetu, ule unaoshuka kutoka machimboni asubuhi na kuufanya mlima uonekane unaelea. Ndani ya ukungu wanaume wanakwenda kuchimba mawe, buti zao zinalia barabarani, lakini siwaoni, nasikia buti tu. Baba yumo. Namtambua kwa jinsi anavyosafisha koo kabla ya kuimba. Naamka na sijui niko nyumba gani.

Nimepewa mchezo mpya wa jukwaani. Mwongozaji aliniuliza, "Ithel, ni nani hujawahi kuwa?" Nikafikiri. Nilianza kwa kubeba sinia jukwaani na kusema "Ndiyo, bibi". Nimekuwa wafalme, walevi, maaskofu, wauaji. Nimekwenda California kupanda farasi nikiwa nimevaa sketi ya askari wa Kirumi. Unakumbuka ile filamu ilipofika kwenye ukumbi wa kijiji? Nilipochomwa mkuki, mama akasimama katikati ya watu akapaza sauti: "Huyo hajafa! Kaniandikia Jumanne!"

Mchezo huu ni wa mfalme mzee ambaye nchi yake imemezwa na bahari. Kila siku anatembea ufukweni akiwaita watu wake waliozama, mmoja mmoja kwa jina, na kutoka chini ya maji anajibiwa kwa kengele. Ni kama ile hadithi aliyotusimulia mama, ila mwandishi ameipa mwisho wake.

Pazia linafunguliwa Mei. Kiti chako kipo safu ya pili. Njoo safari hii.

Kuhusu koo, ni mafua tu.

Ithel


Bryn Hesg
2 Aprili 1974

Mdogo wangu,

Theluji imeyeyuka, kijito kimejaa, daraja la chini limefunikwa. Wana-kondoo wamezaliwa upande wote wa pili wa bonde na wanalia mchana kutwa. Nimeoka mkate wa zabibu nikakuwekea nusu kwenye kifurushi. Ukifika umekauka, uchovye kwenye chai.

Asante kwa kiti. Sitaweza. Paa linavuja upande wa ghalani, mkutano wa kina mama wa kanisa ni mwezi huohuo, na kuna kuku.

Hilo la kuku nililisema dukani, Meurig akanikamata.

"Nitakulishia mimi."

"Hawakujui."

"Nesta! Kuku wanamjua nani?"

"Wangu wanajua."

"Basi hao kuku ni wa ajabu. Mwaka ule wa mchezo wa askofu walikuwa wao hao hao. Mwaka wa kutunukiwa heshima, wao. Wanaishi miaka mingapi kuku wako?"

Wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami nikachukua sukari yangu nikatoka bila kuaga.

Nilikuuliza juu ya daktari, ukanijibu mafua. Mafua gani ya kuanzia Februari?

Nesta


London
19 Mei 1974

Dada,

Mkate ulifika umekauka kama ulivyotabiri, nikauchovya kama ulivyoamuru. Felicity alikula vipande vitatu na anataka kujua siri yake. Nimemwambia ni mayai ya wale kuku wasiokuruhusu kusafiri.

Tumefungua. Magazeti yamesema mambo ambayo ningeona haya kuyarudia, kwa hiyo nakutumia vipande ujisomee. Jukwaa ni tupu, dada. Mchanga wa kijivu tu, na mwanga unaotembea kama maji. Ninapoingia peku siwaoni watu, nasikia pumzi zao tu, na pumzi hizo ndizo bahari. Naita jina, nangoja. Kengele inalia mbali. Naita jingine. Kuna wakati nasahau kabisa kwamba ni mchezo. Nasimama pale najiona niko kijijini kwetu Nant Eithin, maji yamefika kwenye paa la kanisa, na mimi peke yangu ndiye niliyebaki juu.

Wiki iliyopita nilifungua mdomo kuita jina la tatu, hakuna kilichotoka. Pumzi tu. Watu wakadhani ni huzuni ya mfalme, wakalia. Baadaye sauti ikarudi.

Nina ombi. Niandikie sauti za huko. Vitu vya kutazama ninavyo kichwani. Nimeanza kusahau vya kusikia.

Na jambo moja ambalo sijawahi kukuuliza. Miaka yote hii hujaja kuniona hata mara moja, si jukwaani, si popote nje ya lango la Bryn Hesg. Je, ni kwa sababu ya ile Eisteddfod ya utotoni, yale mashindano ya kughani mashairi?

Ithel


Bryn Hesg
8 Juni 1974

Ithel,

Vipande vya magazeti nimevisoma. Vimebandikwa dukani kwa Meurig, kati ya bei ya viatu vya mvua na tangazo la mbwa aliyepotea.

Umeomba sauti. Nimekaa siku kadhaa nikisikiliza, jambo ambalo mtu wa hapa halifanyi, na majirani wameanza kuniangalia vibaya.

Asubuhi kijito kinasema haraka haraka, kama mke wa Meurig. Jioni kinavuta maneno. Chini ya daraja kuna sehemu ambapo maji yanajikunja, hapo hutoa mlio kama mtu anayemeza. Mvua juu ya paa letu la mawe haipigi, inanong'ona, kisha inakusanyika kwenye pembe na kudondokea ndoo, na ndoo ikijaa mlio unabadilika unakuwa mnene. Kondoo wa ng'ambo wanakohoa kama mashemasi kabla ya wimbo. Lango letu bado linalia, sijalitia mafuta, kwa sababu ndilo linaloniambia kuna mtu. Machimbo yalipofungwa, milipuko ya saa nne ilikoma, lakini ikifika saa nne bado mlima unaonekana kama umeshika pumzi. Na upepo ukitoka kaskazini unaingia kwenye tundu la ufunguo la kanisa na kupiga noti moja, ileile kila siku. Mpiga kinanda anasema ni fa.

La Eisteddfod liache lilipo.

Sasa la kwangu. Jumatatu Meurig alipanda hadi hapa anahema: kuna simu dukani, mwanamke wa Kiingereza. Alikuwa Felicity. Alilia, Ithel. Alisema una uvimbe mbaya kooni, daktari alikwambia tangu Machi, wanataka kulikata koromeo lote na wewe unakataa.

Tangu Machi! Nami nimekaa hapa nakutumia mkate.

Kwa nini niambiwe na mwanamke uliyeachana naye, tena katikati ya duka, watu wote wakisikiliza na vikapu mikononi?

Nesta


London
25 Juni 1974

Dada Nesta,

Sina habari za mtu leo ila zangu.

Ni kweli. Nilimwambia daktari, "Lote?" Akasema, "Lote." Nikamuuliza kama nitaweza kunong'ona. Ni mtu mpole, ana mikono safi sana. Akasema, "Si kwa namna unayoijua, Sir Ithel. Utapumua kwa tundu hapa," akagusa shingo yake mwenyewe chini ya tai. "Nisipokatwa?" "Ukikatwa sasa, nina matumaini makubwa. Ukisubiri hadi mchezo uishe Septemba, sitakuahidi kitu."

Nikamshukuru nikaenda kazini.

Usinikasirikie bado, nisikilize. Wewe una mikono yako, una kuku, una kanisa, una mlima. Mimi toka nikiwa mtoto nina kitu kimoja. Kimenitoa machimboni, kimenivusha bahari, kimenipa wake wawili na kikawachosha. Wakikitoa, atakayebaki kitandani ni nani? Jana niliota nimerudi nyumbani, nimefika langoni, nataka kuita uje unifungulie, na siwezi. Nawe uko ndani unaimba, husikii.

Acha nimalizie mfalme wangu. Septemba si mbali.

Ithel


Bryn Hesg
1 Julai 1974

Ithel,

Leo hakuna salamu.

Uliuliza kwa nini sikuja. Haya. Shairi la baba juu ya mlima nililijua mimi kabla yako. Nililighani nikikamua ng'ombe, nikapanda nalo kitandani. Nilikuwa niende Eisteddfod mimi, gauni lilishashonwa. Mama akaanza kukohoa damu, baba akasema msichana abaki, mvulana aende badala yake. Nikakufundisha pale jikoni kila neno na kila pahali pa kuvuta pumzi. Ukarudi na kifuko cha hariri cha mshindi shingoni, kijiji kizima nyuma yako. Nilifurahi, naapa. Halafu nikaingia zizini nikaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, nikakaa hapo mpaka maziwa yakapoa.

Sijawahi kukuchukia hata siku moja. Nilichoogopa ni kukuona umesimama pale na kuiona nafasi niliyoikosa ilivyo kubwa. Jikoni si pabaya mtu akishapazoea. Sikutaka kupazoea upya.

Sasa sikiliza masharti. Nakuja. Jumamosi ya tarehe 13, onyesho la mchana, safu ya pili. Meurig atalisha kuku. Utanionyesha mfalme wako, na Jumapili unaingia hospitali. Usipokubali, siji, na hutaniona London kwa uhai wako wala wangu. Unanijua.

Unauliza nani atabaki kitandani. Mdogo wangu. Mimi sijawahi kumpenda Sir mwenye sauti. Simjui vizuri.

Jibu kwa simu ya maandishi, neno moja.

Nesta


NANT EITHIN. KWA NESTA WA BRYN HESG. NAKUBALI. ITHEL. 3 JULAI 1974


Hospitalini, London
15 Julai 1974

Dada Nesta,

Najua uko kwa Felicity, ng'ambo tu ya mto, na kwamba mmeshagombana kuhusu namna ya kutengeneza chai. Wauguzi hawataki uje leo, na mimi nimekatazwa kusema, nitunze koo. Nimecheka niliposikia. Nilitunze kwa ajili ya nani?

Kesho asubuhi ndiyo wananikata. Acha niyaandike niliyoshindwa kukwambia Jumamosi.

Nilikuona kabla mwanga haujazimwa, kupitia tundu la pazia. Kofia ya kanisani, mkoba juu ya magoti umeushika kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye basi asiyejua kituo chake. Nilisimama mbele ya maelfu bila kutetemeka, na kofia moja ya buluu ikanimaliza.

Unajua kilichotokea kwenye sehemu ya mwisho, ila hukijui kutoka upande wangu. Nilianza kuwaita waliozama kwa yale majina ya mchezo. La kwanza, kengele. La pili, kengele. La tatu likaanza kukatika, nikajua sauti inaondoka, safari hii haitarudi. Nikawa nimebakiwa na kidogo, kama maji ya mwisho ndani ya chupa. Nikajisemea, kwa nini niyamwage kwa watu wa kubuni? Ndipo nikageuka nikaita kwa lugha yetu, Kiwelshi. Nikamwita baba. Nikamwita mama. Nikawaita wachimbaji wa barabara yetu, nyumba kwa nyumba, kuanzia chini darajani. Kijana wa kengele alichanganyikiwa lakini akaendelea kupiga, Mungu ambariki. Waingereza wakadhani ndivyo mchezo ulivyo. Nikabakiza moja. Nikaita, kwa sauti isiyozidi ya mtu aliye karibu kusinzia, "Nesta."

Nawe ukasimama na mkoba wako ukaitika, "Nipo hapa!"

Yule mama wa pembeni yako akakwambia "Shhh!" Ukamgeukia: "Nimeitwa mimi, si wewe."

Kijana hakupiga kengele. Pazia likafungwa.

Halafu kule kwenye chumba cha kuvalia. Watu wote wakibisha mlango na maua yao, wewe umekaa kwenye kiti cha kupakia rangi, kofia haijavuliwa. Nikakuomba lile shairi la baba, ukasema, "Usinichezee, nimezeeka." Nikangoja. Mfalme anajua kungoja. Ukaanza. Ulilighani hadi mwisho, macho umeyafumba, na mimi nimekaa chini sakafuni na ndevu za bandia mkononi.

Nimesikia sauti kubwa katika maisha yangu, dada. Najua ninachosema. Nafasi ile ilikuwa kubwa kweli.

Nimelala nayo masikioni. Kesho waje.

Ithel


Bryn Hesg
6 Agosti 1974

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Kuku walinipokea kwa dharau. Meurig aliwalisha mno, sasa hawataki kutembea.

Daktari amemwambia Felicity kila kitu kimetoka na huna tena ugonjwa. Namshukuru Mungu kwa hilo kila nikiinamisha kichwa.

Pale hospitalini ulinigeuzia mgongo, ukatazama ukuta. Uliandika kwenye kile kibao ulichopewa cha kuandikia, "Rudi nyumbani." Nimerudi, kwa kuwa uliniomba. Sikukasirika. Kitanda chako kimetandikwa.

Kijito kimepungua. Kinasema taratibu.

Nesta


Bryn Hesg
1 Septemba 1974

Ithel,

Hujajibu. Felicity anasema unakaa dirishani umefunga kitambaa shingoni, simu hupokei, marafiki umewafukuza, supu inarudi ilivyokwenda.

Hapa matunda ya porini yameiva, vidole vyangu ni vya zambarau. Ukungu umeanza tena asubuhi. Jana ulijaza bonde lote hadi langoni, nikasimama juu yake nikiona vilele tu, na paa la kanisa limejitokeza kama mashua iliyopinduka. Nikakuwaza.

Sina jingine. Naandika ili postamani awe na kazi.

Nesta


Bryn Hesg
22 Septemba 1974

Ithel,

Bado kimya. Sawa, na mimi nitaendelea.

Nimepata matatizo, na mwenye makosa ni wewe. Habari za London zimefika. Mpwa wa mke wa Meurig alikuwa kwenye ukumbi siku ile, akasimulia jinsi nilivyosimama nikaitika. Sasa nikipita, vijana wa kituo cha basi wanapiga kelele, "Nesta!" wanangoja niitikie. Mchungaji naye amesikia. Alikuja, akanywa chai yangu, akasema, "Mama Nesta, kwenye mkusanyiko wa Novemba tungependa utughanie shairi la marehemu baba yako. Ukumbini, mbele ya watu wote."

Nikamwambia hapana. Akasema basi. Akafika langoni, nikamwita arudi.

Sasa nimekubali na sijui nifanye nini. Maneno ninayo. Nilighani siku ile kwa kuwa nilikuwa nimekaa na nimefumba macho. Hapa nitasimama. Sijui mikono inawekwa wapi, Ithel. Inaning'inia tu kama nguo zilizoanikwa. Nimejaribu mbele ya kabati, nikajiona kama mtu anayesubiri kupimwa gauni. Hakuna wa kumuuliza bonde zima.

Nesta


London
9 Oktoba 1974

Dada,

Usiifanye mikono kitu chochote. Isahau. Shika mkoba kama ni lazima, bibi mmoja niliyemwona alifanya hivyo akaushinda ukumbi mzima.

Simama miguu ikiwa imeachana kidogo, uzito wote chini kwenye visigino, kama unavyosimama kwenye mtumbwi. Hujawahi kupanda mtumbwi? Basi kama unavyosimama zizini ng'ombe akikuegemea. Usianze mpaka wanyamaze. Wakishanyamaza, ngoja tena kidogo, wasikie kwamba wamenyamaza. Sehemu ile ya pumzi katikati ya ubeti wa pili, uliyonifundisha mwenyewe, usiiruke kwa woga.

Mengine hayaandikiki. Inabidi nione. Treni yangu inafika Jumatano jioni. Meurig asije na watu. Siwezi kusalimia mtu.

Dada, sitakuwa mgeni mzuri. Napumua kwa kelele.

Ithel


Mezani, jikoni, Bryn Hesg
17 Novemba 1974

Dada Nesta,

Uko hapo ng'ambo ya meza unamenya viazi na kujifanya hunioni nikiandika. Nakusalimu kutoka upande wa chumvi. Habari za familia: dada yangu mzima, goti linanung'unika, mdogo wake anakula vizuri na amezoeana na jogoo.

Jana usiku tulipotoka ukumbini uliingia ndani ukaenda moja kwa moja kulala, kana kwamba tulitoka kununua chumvi. Hatukuweza kuongea, au tuseme wewe hukutaka na mimi sikuweza. Acha niseme sasa.

Nilikaa nyuma kabisa, karibu na jiko la makaa, ili mlio wa pumzi zangu upotee ndani ya mlio wa moto. Uliingia na gauni jeusi na mikono mitupu. Ukasimama ulivyosimama mwenyewe, si nilivyokufundisha. Hukungoja wanyamaze, walinyamaza walipokuona. Mstari wa kwanza, "Mlima hauna kinywa, sisi ndio midomo yake," wengine waliusema kila mara kwa nguvu, hata baba, hata mimi na kifuko changu cha hariri. Wewe umeusema polepole, kama mtu anayemweleza jirani. Nikaona wazee wa machimbo wakivua kofia zao na kuziweka mapajani. Nje kulikuwa na ukungu, taa zikipepesa kidogo, na kwa muda nilidhani naota tena, lakini katika ndoto zangu nilikuwa nasikia buti tu bila kuona watu, na jana niliwaona wote, nyuso zote, wakikutazama.

Watu waliniuliza miaka yote siri ya sauti yangu ni nini. Nilikuwa nawajibu mambo ya kupumua. Jana mke wa Meurig alinigeukia machozi yakimtiririka akasema, "Ithel, anasema kama wewe!" Nikachukua kibao changu nikamwandikia: "La. Mimi ndiye niliyekuwa nasema kama yeye."

Nimefikiri juu ya London. Felicity ataiuza nyumba. Nitabaki hapa, kama kitanda kile ni changu kweli.

Sasa swali. Tangu nifike, kila nikikuandikia jambo unachukua kalamu unanijibu kwa maandishi. Ulinijibu hivyo juu ya makaa, juu ya buti zangu, juu ya Meurig. Kwa nini uniandikie, nawe una kinywa, na kizuri namna ile?

Ithel


Mezani hapohapo, upande wa viazi

Mdogo wangu Ithel,

Kwa sababu ukiandika peke yako ni ugonjwa. Tukiandika wawili ni maongezi.

Kitanda ni chako. Sogeza karatasi zako, nipakue.

Nesta